Kipunda Ametimiza Arobaini

Kwi, kwi, kwi.

Sauti ilitoka upande wa meza, nyembamba na ya haraka, kisha ikanyamaza kama iliyohisi kwamba inasikilizwa. Ilikuwa alfajiri, umeme umekatika tangu jana yake, na chumba kilikuwa giza totoro. Mama Punje alilala macho kodo akiomba iwe panya. Panya ana dawa yake. Kwi, kwi, kwi, ikaanza tena, na safari hii ikafuatwa na jambo ambalo panya hajaliweza bado: mtu kupuliza karatasi, fuu, kuondoa makombo.

Akampapasa mumewe. Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa kusikia tone likivuja nyumba ya tatu, lakini akishalala ni gogo. Akageukia ukutani na kuendelea kukoroma. Mama Punje akapapasa upande wa pili, mahali pa binti yao. Shuka lilikuwa bado lina joto, na tupu.

Chini ya meza Punje alikuwa amepiga magoti, tochi ndogo ya baba yake ameibana kwa meno, vilevile baba yake anavyoibana akiwa chini ya sinki. Mkononi ana kifutio. Mbele yake, sakafuni, ukurasa wa kwanza wa riwaya.

"Unafanya nini, mama?"

Punje akaitoa tochi mdomoni, akaifuta mate kwenye gauni lake la kulalia. "Namtengeneza."

"Unamtengeneza nani?"

"Kipunda. Kuna mtu kamharibu."

Sasa, kwa yule ambaye hajawahi kulea mtoto: Kipunda ni punda mdogo wa kitabu, kurasa kumi, picha kumi. Kitabu hicho kilikuwa katika kila nyumba, na hakuna nyumba iliyokuwa na jalada lake, kwa sababu watoto huanza kukisoma kwa meno. Ukurasa wa kwanza, Kipunda kinatoka kwenda matembezini. Ukurasa wa pili kinakutana na Kuku mwenye kapu, Kuku anasema hebu nisaidie mzigo kidogo, na Kipunda kinajibu, "Mwepesi tu." Anakuja Kobe na sanduku: mwepesi tu. Anakuja Bata na karai, anakuja Paka na kitanda, ingawa Paka na kitanda wapi na wapi. Kufikia ukurasa wa kumi Kipunda hakionekani tena. Kuna mlima wa mizigo wenye masikio mawili juu na tabasamu moja chini, na mbele yake wenzake wanakwenda wakirusha mikono. Hapo watoto hupiga makofi. Mama zao nao hufurahi, maana mtoto akitoka kuisikia hadithi hiyo unaweza kumtuma kijiko, kandambili na ndoo ya maji, mfululizo, kabla hajakumbuka kununa.

Mama Punje alikuwa amekisoma, kwa makadirio ya chini, mara mia nne. Mara ya mia nne na moja ilimkuta ametoka kiwandani, ambako kazi yake ilikuwa kushona vifungo vya mashati ya shule, mashati mia mbili kwa siku, vifungo saba kwa shati. Alikuwa amepitia sokoni, amepitia kumchukua Punje kwa jirani, amepitia koti la mumewe kwa dobi, na kila aliyekutana naye njiani alikuwa na kifurushi cha kumpa akifikishe mahali, kwa kuwa anapita. Alipofika ukurasa wa kumi akalitazama lile tabasamu kwa karibu. Halikuwa tabasamu. Kipunda kilikuwa kimeuma meno.

Akakifunga kitabu. Punje alikuwa ameshalala, mdomo wazi, kichwa begani mwake. Na swali likamkwama Mama Punje kooni kama mwiba wa samaki: hiki kipunda kilikuja kuwaje?

Shule aliiacha mapema, mambo ya nyumbani, na sasa alikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya jioni, katika darasa la watu wazima waliojibanza kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa yamefika kidevuni. Mwalimu wao wa lugha walimwita kwa heshima zote "Mwalimu", na akigeukia ubaoni walimwita "Ngeli". Aliamini kabisa kwamba fujo zote za dunia, kuanzia ndoa hadi foleni, zinatokana na watu wasiopatanisha nomino na vitenzi. Ngeli ndiye aliyetoa kazi ya mwisho wa mwaka: sura ya kwanza ya riwaya. Jumamosi ya mwisho kila mmoja angesoma yake mbele ya ndugu na jamaa, na mhariri kutoka nyumba ya vitabu angekuja kusikiliza, na akipenda, kuchukua.

Mama Punje hakuwahi kuwa na kitu ambacho mtu angependa kuchukua. Vifungo vinachukuliwa, lakini hakuna anayeangalia kifungo akauliza kashona nani.

Akaandika habari za Kipunda kilipokua. Akaandika kwa penseli, kwa sababu ndiyo iliyokuwa nyuma ya sikio lake kutwa: kiwandani unaweka nukta ya penseli pale kifungo kitakapokaa, ukikosea unafuta, ndipo sindano inafuata. Kipunda kilikuwa kimetimiza miaka arobaini. Hakikuwa kidogo tena, kwa hiyo akakiita Jipunda. *Jipunda aliamka saa nne,* akaandika, *akiwa amelala na viatu.*

Ngeli akairudisha kazi hiyo ikiwa nyekundu kama kuku amechinjiwa juu yake. Ji ni ukubwa, alisema, na ukubwa una li yake. Jipunda liliamka. Mama Punje akajaribu kueleza kwamba huyu ni kama mtu, ana kodi ya nyumba na maumivu ya mgongo. Ngeli akamjibu kwamba akitaka mtu aandike mtu, punda aliyeongezwa ji ni li, na kanuni haina mgongo wa kuuma.

Akafuta, akaandika li, kurasa zote kumi na mbili. Na kusema kweli, ikachekesha zaidi. Jipunda lilikuwa karani wa ghala, likikaa kutwa kwenye kiti likiigonga mihuri mizigo ya wengine na kukataa kuigusa. Halikubeba kitu. Hata kikombe cha chai halikukiinua, liliinama mezani na kukinywea hapohapo. Halikumwamini mtu. Likisikia neno "hebu" lilianza kutoka jasho. Alipolisomea darasa kwa majaribio, dereva wa lori wa dawati la nyuma alicheka hadi akakwama kwenye dawati, ikabidi avutwe na watu wawili. Kichwa kikamvimba Mama Punje kidogo, na alistahili.

Basi hilo ndilo Jipunda lililokuwa sakafuni alfajiri hiyo, limemulikwa tochi. Punje, ambaye mwaka huu alikuwa amejua kusoma na sasa hakuna karatasi iliyokuwa salama naye, alikuwa ameshafuta mistari mitatu ya mwanzo.

"Aliyeandika ni mimi," alisema mama yake. Kutunga uongo saa hizo kunataka akili.

Punje akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekutwa na kuku wa jirani kwapani. "Wewe?"

"Mimi. Huyo ni Kipunda akiwa mkubwa."

"Kipunda hana viatu."

"Alinunua alipopata kazi."

"Na kwa nini hataki kumbebea mtu?"

"Mgongo unamuuma."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Tangu kwenye kile kitabu."

Punje akawaza, kifutio kidevuni. Alikuwa na miaka sita na nusu, na hiyo nusu hakuruhusu mtu aisahau. "Mbona hakusema?"

Maswali ya mhariri Mama Punje alikuwa ameshayaandalia majibu, mengine akiwa bafuni. Hili hakuliota.

Binti akaona kwamba jibu halipo. Akasimama, akajipangusa magoti, akasema taratibu, bila machozi, "Ukiwasomea watu hiyo, mimi usinisomee tena." Akapanda kitandani na tochi, akajilaza ubavuni mwa baba yake, mgongo kwa mama.

Mtu anaweza kusema hicho ni kitisho cha mtoto, kitapoa kabla ya chai. Lakini ile nusu saa ya kumsomea kila usiku ilikuwa na uzito wake. Asubuhi Punje alikuwa wa kuvalishwa, kutwa wa jirani, jioni tatu kwa wiki Mama Punje alikuwa wa Ngeli. Nusu saa moja tu katika siku nzima hakuna aliyemwita, hakuna aliyemtuma, kichwa kizito chenye harufu ya sabuni kilikuwa begani mwake, na kidole kidogo kilifuata maneno kikimsahihisha kila aliporuka mstari ili wamalize mapema. Riwaya ilikuwa kitu cha kwanza alichowahi kukifanya kikawa chake. Nusu saa ile ilikuwa cha pili. Na sasa Jumamosi ingempokonya kimoja.

Mpiga pasi wa meza ya pili kiwandani, shoga yake wa kufa na kuzikana, alilicheka jambo lenyewe hadi akaunguza kola. Akamweleza kwamba mwanawe wa kiume aliwahi kuapa kutosema naye maisha yake yote, na maisha yenyewe yakaisha saa saba mchana, sahani zilipogongana. Usibabaike, alisema, soma riwaya yako, mtoto ataona njaa ya hadithi mwenyewe.

Punje hakuona njaa. Jumatatu alikataa kwa kutikisa kichwa. Jumanne alijisomea mwenyewe, kwa sauti, ameelekea ukutani, akikata maneno vipande kama mkate: "Ki-pu-nda ki-ka-te-mbe-a." Jumatano mama yake alijaribu kumbembeleza kwa kitabu kipya cha simba na miamvuli, chenye jalada kabisa, na Punje akasema, "Asante, nimetosheka," kama mgeni mezani. Hiyo adabu ndiyo iliyomchoma zaidi. Mtoto akinuna bado ni wako. Akianza kukushukuru, ujue mambo yameharibika.

Alhamisi maji yalipomfika shingoni, aliiandika upya ile mistari mitatu, akaufunga mswada kwa utepe wa kitambaa, akauweka juu ya kabati, na kwenda kumwambia Ngeli amtoe kwenye orodha. Ngeli akasema orodha ameshaiandika kwa mwandiko mzuri na hana karatasi nyingine ya aina ile. Halafu akamwongezea jambo alilolidhani ni habari njema, akalisema kwa kusugua mikono: huyo mhariri anatoka nyumba ileile inayokichapa Kipunda kila mwaka.

Mama Punje akatafuta dawati, akakaa. Kwa hiyo angekwenda kuwasomea wenye punda habari za punda wao, lilivyokuwa zee la kiburi lenye harufu ya soksi.

Jumamosi alasiri walikwenda wote watatu, kwa sababu hapakuwa na wa kumwachia Punje. Chumba cha darasa kilikuwa kimesukumwa madawati ukutani na kupangwa viti vya kuazima, kila kimoja na urefu wake. Mhariri alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, amekaa pembeni na daftari, akisikiliza kwa uso usiosema chochote. Dereva wa lori alisoma sura ya mapenzi ambayo nusu yake ilikuwa gia. Muuguzi alisoma ya kutisha, watu wakaogopa hasa sindano. Punje alikaa mstari wa mbele kabisa karibu na baba yake, miguu ikining'inia, na jina la mama yake lilipoitwa akainua mikono miwili bila haraka na kutia vidole masikioni.

Mama Punje alikuwa ameamua mlangoni: atasoma ukurasa mmoja, haraka, kama mtu anayemeza kidonge, kisha aketi. Akafungua utepe. Akasoma kilichokuwa mbele ya macho yake.

"*Kipunda liliamka saa nne, likiwa limelala na viatu.*"

Chumba kikacheka. Ngeli akanyanyuka nusu kwenye kiti kama aliyeumwa na siafu. Mama Punje akatazama karatasi vizuri. Mahali palipokuwa na Ji palikuwa na Ki, kubwa, K yake imegeukia nyuma. Akafunua ukurasa wa pili. Ki. Wa tano. Ki, Ki, Ki, na chini ya kila moja karatasi imesuguliwa hadi kuonyesha mwanga. Baadaye fundi bomba alikiri: siku ya Ijumaa binti alimwomba amshushie Kipunda kutoka juu ya kabati, naye akamshusha, akapata saa mbili za kimya, akamshukuru Mungu kwamba mtoto amependa masomo. Punje alikuwa ameyabadilisha majina yote. Vitenzi hakuvigusa, vitenzi ni vya darasa la pili.

Kwa hiyo hapo mbele ya watu kulikuwa na kitu kisichokuwa cha ngeli yoyote: Kipunda likanuna, Kipunda likapiga miayo, Kipunda limechelewa kazini.

Dawa ilikuwa rahisi. Aliijua sura nzima kwa moyo, angesema Jipunda, kicheko kingemrudia, na mambo yangekwenda. Neno likamfika hadi ulimini. Akainua macho, akaviona vidole viwili masikioni. Vidole vya mtoto haviwezi kuziba chochote, vinatangaza tu kwamba vimeziba, na nyuma yake macho ya Punje yalikuwa yakimtazama mdomo.

Basi aseme kiliamka? Lakini ki ni ya yule unayeweza kumtuma. Mtu wa miaka arobaini, mwenye kodi na mgongo, utamwitaje kiliamka? Watu wakaanza kukohoa. Mhariri akageuza ukurasa wa daftari.

"Samahani," alisema Mama Punje. "Naanza tena." Akavuta pumzi. "*Kipunda aliamka saa nne, akiwa amelala na viatu.*"

Hakuna aliyecheka.

Alisikia ukimya huo na kwanza akadhani ameharibu. Sentensi ilikuwa ileile, viatu vilevile. Lakini lile lililolala na viatu lilikuwa kituko, na huyu aliyelala na viatu alikuwa amechoka. Kila mtu mle ndani aliwahi kulala na viatu. Dereva wa lori aliangalia vyake.

Akaendelea, akipatanisha kila kitenzi njiani, ulimi ukiruka li baada ya li kama anayevuka dimbwi kwa mawe. Kipunda akaenda ghalani. Kipunda akagonga mihuri. Alipofika pale pa kikombe cha chai kicheko kikarudi, lakini kilikuwa kingine, kilitoka chini zaidi, na mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba huyo ni dada yake kabisa. Kidole kimoja kikatoka sikioni mwa Punje.

Halafu ikaja sherehe ya kuzaliwa. Wenzake wa zamani wote wakaja kumpongeza Kipunda kwa kutimiza arobaini: Kuku, ambaye sasa alikuwa mama mwenye nyumba na alipandisha kodi kila alipotaga, Kobe, aliyekuwa meneja na kuwafokea wanaochelewa, Bata na Paka. Kipunda akapanga vikombe vitano, kwa kuvisukuma na pua, maana alikuwa na furaha. Wakagonga mlango. Hawakuja na zawadi. Walikuja na kochi. Kuku alikuwa anahama, na hebu, alisema, kwa kuwa tumekutana.

Hapo watu walikuwa wakipanguza machozi. Ngeli mwenyewe alikuwa amefunika mdomo kwa leso, ingawa vidole vyake gotini bado vilihesabu upatanisho. Mama Punje akasoma jinsi Kipunda alivyolitazama kochi, mito yake na miguu yake minne iliyonyooka bila kazi, na jinsi lile jibu la zamani lilivyopanda lenyewe kutoka tumboni hadi kwenye meno.

"*Kipunda akasema, 'Ni mzito.'*"

Kidole cha pili kikatoka.

Karatasini kilichofuata kilikuwa kichekesho alichojivunia kuliko vyote: Jipunda linabamiza mlango, Kuku anabanwa mkia, Jipunda linakunywa soda tano peke yake. Macho yake yaliyaona maneno, mdomo ukayakataa. Lile lingebamiza mlango, ndiyo. Huyu asingebamiza. Huyu hakuwahi kusema neno hilo maishani na alikuwa hajui kinachofuata baada ya kulisema. Mama Punje akaishusha karatasi, na kilichobaki akakitoa kichwani.

"Kisha akakaa chini," alisema polepole, "akangoja kuona kama bado ni rafiki yao."

Akaishia hapo, kwa sababu na yeye hakujua zaidi. Punje akauliza, kwa sauti ya kufika barabarani, sasa kochi alilibeba nani.

Mama yake akawaza. Akasema anadhani walilishika wote, kila mmoja na mguu wake. Punje akapinga kwamba Kobe yuko polepole sana, watafika kesho. Mama Punje akakiri kwamba ndiyo, watafika kesho, na Kobe itabidi ajifokee mwenyewe. Hapo ndipo makofi yalipoanza, yakianzia kwa fundi bomba, ambaye hakuwa na hakika kama sura imekwisha lakini mikono yake ilishindwa kungoja.

Baadaye, kwenye meza ya chai na mkate, mhariri alimjia na kumshika kiwiko. Hakumpa ahadi yoyote, akamwambia waziwazi kwamba kwanza angependa kuona sura tatu zaidi, tena kwa wino, maana macho yake si ya penseli. Akamweleza kwamba kila mwaka hupokea barua za wazazi wakishukuru jinsi Kipunda alivyowatia watoto utii, na yeye mwenyewe aliwasomea watoto wake wanne, na sasa hawezi kuinama kuchukua kiatu. Halafu akamsogelea sikioni.

"Na hiyo a yako," alisema, "usimwachie mtu akusahihishie."

Ngeli, aliyekuwa hatua mbili pembeni akijifanya anachagua kikombe, akasafisha koo. Akatamka, bila kumlenga mtu, kwamba kwa viumbe wenye uhai ngeli ya a imekubalika siku zote, na kwamba jambo hilo alilifundisha mwaka wa kwanza, wiki ya pili, ubao wa kushoto. Mama Punje akamwitikia kwamba ni kweli, Mwalimu, na akammiminia chai.

Furaha ilikuwepo, ilimjaa hadi kwenye vidole. Lakini moyo wake ulikuwa mlangoni, ambako Punje alikuwa akifungwa kamba za viatu na baba yake bila kuonyesha dalili yoyote ya msamaha.

Wakatoka. Fundi bomba akatangulia na viti viwili vya kuazima vya kurudisha kwa wenyewe. Mama Punje alikuwa na mkoba wa mswada, sweta la mtoto, na mkate uliobaki ambao wenzake walimsukumia kwa kuwa ana familia. Walivuka barabara, wakapita maduka yaliyofunga nusu, na walipofika kwenye ngazi za benki Punje akatangaza masharti. Kusomewa kungeruhusiwa tena, kuanzia leo. Isomwe ya Kipunda mkubwa, kuanzia pale anapongoja. Na asilale tena na viatu, kama amechoka avuliwe na mtu.

Mama Punje akasema atalifikiria hilo la viatu.

Njia ya kutoka pale kwenda nyumbani ni ya kupanda, na Punje hajawahi kufika juu yake kwa miguu yake. Kila mara, kwenye nguzo ya kwanza, miguu humwishia nguvu ghafla kama redio iliyoishiwa betri. Mama yake hakungoja kuombwa. Akahamishia mkoba kifuani, akauning'iniza mkate mkononi, sweta akalitupa begani, akachuchumaa na kumpa mgongo.

Hakuna kilichopanda. Akageuza shingo. Punje alikuwa amesimama palepale, kichwa upande, akiutazama ule mgongo kwa makini, kama baba yake anavyotazama bomba kabla ya kuligusa. Kisha akanyoosha mkono, akachukua sweta lake begani mwa mama yake, akalikunja na kulibana kwapani.

"Leo nitatembea mwenyewe."